Rimoti ya Polycarp

Mume wangu Polycarp alitetemeka mpaka akaacha kuendesha watalii Ngorongoro. Vidonge vilimsaidia kidogo, baadaye vikashindwa. Mwaka 2006 madaktari wa India wakampitishia nyaya ndani ya ubongo, na betri wakaizika chini ya ngozi ya kifua. Alirudi Karatu mkono umetulia.

Jumapili mwinjilisti akamsimamisha atoe ushuhuda. "Ndugu yetu amepona kabisa!" akatangaza, kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Hasira zikanipanda. Nami nilimwombea, lakini ugonjwa ulikuwa bado umo. Nikamfuata mume wangu mbele, nikamwonyesha rimoti ya kuwashia na kuzimia betri yake. Akaitikia kwa kichwa. Nikaigusisha kifuani pake, nikazima betri. Haukupita muda mkono ukaanza kuruka, kitabu cha nyimbo kikamponyoka. Vigelegele vikakoma. Nikawasha tena, mkono ukatulia.

"Hajapona," nikasema. "Anashikiliwa na mashine." Nilidhani wamenielewa.

Siku ya pili yake, mama mmoja kutoka Mang'ola alishuka kwenye lori la vitunguu mbele ya nyumba yangu, amemshika mumewe anayetetemeka. Hakuketi. Alimfungua mumewe vifungo vya shati, akanionyesha kifua kisicho na kovu lolote.

"Dada," akasema, "nibonyezee na wangu."