Unyevu wa Kapu la Jamna

Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Sonari alilowesha kitambaa cha pamba, akakikamua mpaka kikaacha kudondoka, akakitandaza juu ya kapu la swila. Kapu lilikuwa la matete, limekandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, limekalishwa kwenye chungu kipana chenye mchanga. Chini ya kifuniko alibandika kipande cha chumvi. Chumvi ikibaki kavu, kapu lina kiu. Ikiyeyuka ikatiririka, kapu limelewa, na nyoka ataota vidonda tumboni. Ikinata kidoleni kama sukari guru, basi, hapo ndipo. Sonari alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, na hakuwahi kutafuta njia nyingine.

Swila alikuwa wa Jamna, mjukuu wake. Kwa Wajogi, wafuga nyoka wa jangwa la Thar, binti haendi kwa mumewe mikono mitupu. Huenda na nyoka. Na mama wa bwana harusi, kabla hajamtazama bibi harusi, humtazama nyoka macho. Akikuta ganda la zamani limeng'ang'ania machoni, hurudi alikotoka, kwani waliomtunza nyoka hivi, binti wamemleaje?

Macho ya swila yalikuwa yamekwisha kuwa meupe kama maziwa. Alikuwa karibu kujivua gamba, na harusi ilikuwa mwezi ukiandama. Kilichokosekana ni maji.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bwana Mehrab, mwenye mashamba ya pamba na michungwa. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka Karachi na sanduku la kioo, lina taa, lina hata kimashine cha kupuliza ukungu, ila nyoka halina. Bwana Mehrab akatuma mtu aje kumchukua swila wa Jamna. Sonari akajibu kwamba mali ya bibi harusi haiombwi na jirani. Kulipokucha, pampu ya Wajogi ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli, na Khamiso, mlinzi, amewekewa kiti kando yake. Ingefunguliwa siku nyoka atakapovuka barabara.

Wanawake wakaanza kwenda kwenye kisima cha mbali, nyuma ya vilima vya mchanga, chenye maji ya magadi. Yaliwatosha watoto na mbuzi, kwa shida. Kitambaa cha Sonari kikakauka kama karatasi.

Siku moja Jamna aliona chumvi imekauka, akachukua maji yake ya kunywa, akayamimina yote kapuni. Sonari akamtoa nyoka akiwa chepechepe, akamfuta kwa mtandio wake, tumbo kwanza.

"Unamtunza au unamwogesha?" alisema. "Unyevu si maji, mama. Nyoka anataka hewa yenye huruma, hataki kidimbwi."

Jamna akasema basi nyoka apelekwe kwa Bwana Mehrab, watoto wanywe, yeye ataolewa hivyo hivyo au asiolewe.

"Mtu akikunyima maji ndipo umpe na kapu?" Sonari akamrudisha nyoka mahali pake. "Kalale huko, mama."

Kesho yake unyevu ulikuja wenyewe.

Ulivuka barabara wakati wa kukamua mbuzi, ukipita chini chini, kimo cha magoti, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Ulipofika penye pampu, Khamiso aliinua miguu ili upite. Ukaingia uani kwa Sonari, ukapanda chunguni, ukazama kapuni. Sonari akafunua kifuniko, akagusa chumvi. Ikanata. Akafunika, akaenda kuoka mikate ya uwele.

Ukawa unakuja hivyo kila siku, na ulitoka nyumbani kwa Bwana Mehrab. Kwanza nguo zake zilikauka ndani ya beseni. Kisha unga ukawa haukandiki; ulipasuka mikononi mwa mpishi. Machungwa yakawa mepesi mitini, ukiyatikisa yanachakacha mbegu. Bwana Mehrab mwenyewe alilazimika kulamba midomo kabla ya kila neno, na kwa kuwa ulimi nao ulikuwa mkavu, akapunguza maneno.

Kapu lilichukua kiasi chake tu. Unyevu uliozidi ulikaa nje umejikunja, kama mgeni anayengoja kuitwa. Sonari alijaribu kuukinga kwa kitambaa ili awakamulie watoto, hakupata hata tone. Haukujia watoto. Safari za kisimani zikaendelea.

Siku moja Bwana Mehrab akaja. Sonari akamtandikia kitanda cha kamba kivulini, maana mgeni ni mgeni.

"Bibi," alisema, akalamba midomo. "Unyevu wangu uko kwako."

"Upo."

"Nautaka."

"Umo kapuni. Tia mkono uuchukue."

Bwana Mehrab alilitazama kapu. Ndani mlipulizwa kidogo, fff, kama mtu anayepoza chai. Akasema ataita polisi. Sonari akasema waje, ila waje na kapu lao. Kisha akakaa chini na kunyoosha miguu.

"Kitendawili."

Mazoea ya utoto hayafi. "Tega," akajibu Bwana Mehrab.

"Ukikifunga kinakutoroka, ukikifungua unakaa nacho."

Alifikiri sana, akashindwa.

"Basi nipe mji," alisema Sonari. "Lakini wewe hata pampu hukuitoa, mji utautoa wapi? Nenda ukajifikirie."

Akaenda. Pampu hakuifungua. Alikuwa radhi anyauke na nyumba yake yote kuliko aonekane amerudi nyuma mbele ya Wajogi.

Swila alijivua asubuhi waliyofika wakwe. Gamba lilitoka zima, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, na vifuniko vya macho vimo humo humo. Mama wa bwana harusi alimshika, akamtazama jicho moja, akamgeuza akatazama la pili, halafu akauliza bibi harusi yuko wapi. Jamna akapandishwa ngamia, kapu mapajani, na unyevu ukafuata nyuma ya kwato, taratibu.

Pampu haijafunguliwa mpaka leo. Kufuli linang'aa kama jipya, kwa sababu upande ule hakuna unyevu tena, na pasipo unyevu hapana kutu.

"Bibi," Khamiso alimwita Sonari alipokuwa akipita na mtungi, "nyoka si ameshakwenda? Mnashindania nini tena? Kamwombeni radhi mzee afungue, watoto wanywe."

Sonari alisimama, akaiweka sawa kata kichwani.

"Mwambie nina wajukuu wengine wa kike," alisema, "na kila mmoja nimemsukia kapu lake."

Akashika njia ya vilimani, kwenye maji ya magadi.