Kifuniko Chenye Maneno Sita

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi, Mwenyekiti wa Tume ya Kudumu ya Kuchunguza Maneno ya Kiingereza Yanayolegeza Magoti, natangaza kwamba uchunguzi umekamilika. Tume ilikuwa na wajumbe wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni jirani yangu wa kitanda, aitwaye Kipaza kwa sababu hata akinong'ona anasikika bweni la pili, naye alijiunga kwa sharti kwamba nimwachie zamu yangu ya maji ya moto kwa wiki mbili.

Tume haikuundwa kwa ajili ya elimu. Iliundwa kwa ajili ya seremala wa shule, mtu mrefu na mpole, anayeweza kuunda kitanda kizima kabla ya chakula cha mchana, lakini akikutana na mama mdogo sauti inamkauka. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye mshonaji wa shule. Seremala alikuwa amepata karakana yake mwenyewe mji mwingine, na angeondoka Jumamosi. Alitaka aondoke naye. Tatizo ni kwamba kwa miaka mitatu hajawahi kumwambia neno lisilohusu samani.

Jumatatu alinisimamisha nyuma ya karakana, akaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku, akasema amesikia mimi ni wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Alitaka maneno. Si barua, maana barua ni ndefu. Maneno machache tu ambayo mwanamke akiyasikia, moyo unalainika. Mama mdogo alisoma Kiingereza, aliongeza kwa huzuni, na yeye alisoma misumari. Kwamba akifanikiwa mama mdogo ataondoka shuleni, hilo Tume haikuona kuwa linaihusu.

Tulikwenda kazini kwa uzito unaostahili. Tulihitaji sikio safi, lisiloharibiwa na maana, tukalipata jikoni. Kiingereza chote cha mpishi ni "next", neno analotupigia kwenye foleni. Kipaza alisimama dirishani kwake na kusoma neno moja moja, mimi nikiutazama mwiko. Mwiko ukienda kasi, neno halifai. Ukipunguza mwendo, neno lina kitu.

"Bucket" lilimfanya agonge sufuria. "Kettle" lilimfanya aulize kama tumekosa kazi. Lakini Kipaza aliposema "velvet", mwiko ulipunguza mwendo. Kwa "mellow" ukazunguka kama unaota ndoto. Kwa "murmur" ukasimama kabisa, na mpishi, baba wa watoto sita, akaomba lirudiwe.

Tume ikatambua siri. Maneno yenye L na M hayana mifupa. Ulimi unajilaza, midomo inakutana taratibu na haina haraka ya kuachana. "Velvet" linakung'atisha mdomo wa chini mara mbili bila wewe kukusudia. Neno lililojaa K na T, kwa upande wake, ni mtu anayeshuka ngazi kwa viatu vya mbao, na hakuna aliyewahi kupendwa akishuka hivyo.

Orodha ya mwisho ilikuwa na maneno sita: velvet, mellow, murmur, lullaby, mildew, lumbago. Kwa hilo la sita mpishi aliweka mwiko chini na kuuliza huyo binti ni wa nani.

Hapa uaminifu unanitaka nieleze kwamba mildew ni ukungu unaoota kwenye nguo zilizokunjwa mbichi, na lumbago ni maumivu ya kiuno. Mpishi hakuuliza. Seremala naye hakuuliza. Tume ilikuwa imetumwa sauti, na kwa upande wa sauti maneno hayo hayana dosari. Nilimkabidhi karatasi, nikamwambia ayakariri kisha aichane.

Alhamisi baada ya vipindi niliitwa chumba cha cherehani, ambako kuna kigoda ninachokalia kila jioni.

Shuleni kwetu, nguo ikichanika unaandika kikaratasi: namba yako, aina ya nguo, mahali ilipochanika. Mama mdogo huvichoma kwa pini kwenye ubao juu ya cherehani. Kwa miaka yote hiyo amesoma miandiko yetu kuliko mwalimu yeyote. Hata ukisahau namba, suruali inarudi kwa mwenyewe.

Mezani palikuwa na kisanduku cha nyuzi, kipya, kinanukia mbao. Nilitazama kifuniko, nikauona mwandiko wangu. Seremala hakukariri kitu. Seremala hakariri, anafuatisha kiolezo. Alikuwa ameweka karatasi yangu juu ya kaboni, akaupitisha mwandiko wangu kwenye mbao, kisha akauchonga kwa patasi, herufi kwa herufi, milele.

"Soma," mama mdogo alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Kisanduku kizuri sana, mama mdogo."

"Sikukuuliza uzuri."

Nilisoma. Nilipofika la sita sauti ilikuwa imebaki ya mbu. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua chupa ya dawa yake ya kuchua, akaigeuza nione neno lile lile kwenye lebo. Kisha akachomoa kikaratasi changu cha suruali, akakilaza kando ya kifuniko, akaweka kidole kwenye ile g yenye mkia kama ndoano. Nilianza kumweleza kuhusu Tume. Aliniacha nimalize, jambo ambalo si dalili njema.

Kabla hajanijibu, seremala alibisha hodi. Aliinama kuingia, kofia mkononi, akauliza kama maneno yamekaa sawa.

Nilingoja bomu lipasuke. Ndicho nilichokuwa nimekipanga tangu Jumatatu, na sasa sikukitaka hata kidogo.

"Yamekaa," mama mdogo alisema. "Umechonga vizuri, Fundi."

Seremala akashukuru, akafanya anachofanya siku zote: aliweka kiganja kwenye kona ya meza ya mama mdogo, akaibonyeza.

"Meza bado inacheza?"

Hakuna L hata moja humo. Lakini mguu wa mama mdogo ukapunguza mwendo juu ya cherehani, ukapunguza tena, ukasimama.

"Haichezi," alisema. Kisha, akitazama uzi na si mtu: "Gari la Jumamosi linaondoka saa ngapi?"

Seremala alimtajia saa, akatoka, akagonga kichwa kwenye mlango alioutengeneza mwenyewe.

Mama mdogo akanigeukia. "Ulijua maana yake."

Ningeweza kuisingizia Tume. Ningeweza kumsingizia Kipaza, ana umbo la mkosaji. Lakini g yangu ilikuwa inanitazama.

"Nilijua. Moja nililitoa kwenye chupa yako. Lile la ukungu nililitoa kwenye kopo la sabuni yako." "Nilitaka umcheke, abaki bila wewe, uende zako popote baadaye ila siyo sasa. Mshonaji mpya atakuja na hapa nitakuwa mia mbili na kumi na nne, suruali, goti la kushoto."

Alisukuma kile kigoda changu kwa mguu, nikakaa.