Jaketi Namba Kumi na Nne

Majaketi yaligawiwa Samdo, kama kila safari, asubuhi baada ya uji, mbele ya mlango wa nyumba ya wageni ya Bi Lhamu. Mnyapara Jitbal alipanda juu ya jiwe, gunia miguuni, akawa anaita namba zilizoandikwa kwa wino kwenye kola. Mpagazi aliyeitwa alipokea jaketi lake la manyoya ya bata, akalinusa, akamsema kidogo aliyelivaa kabla yake, akarudi kwenye mstari. Kesho yake wangepanda hadi kambi ya chini ya Larke, njia ya juu kabisa ya kuvukia mlima, keshokutwa wangevuka, na wakishuka Bimthang upande wa pili majaketi yote yangerudi guniani. Viatu havikugawiwa. Kila mtu alikuja na vyake, vya turubai.

“Kumi na mbili.”

“Hapa.”

“Kumi na tatu. Gore, safari hii ulirudishe bila ugoro.”

“Ugoro ndio unaoshikilia zipu, Kaka.”

“Kumi na tano.”

Kesari, mpishi wa wapagazi, alikuwa anakwangua sufuria ya uji. Akainua kichwa. “Na kumi na nne?”

“Hilo lilinywewa,” Jitbal akasema. “Muulize kaka yako.”

Wapagazi wakacheka, maana kwenye njia ile utani wa mnyapara ni sehemu ya kazi. Gore hakucheka. Alikuwa anahangaika na zipu.

Kaka yake Kesari aliitwa Tekman, na alikuwa amekufa juu ya Larke vuli iliyotangulia. Habari ililetwa na Jitbal mwenyewe, maana wote watatu walikuwa watu wa Singchet, kijiji cha mahindi na migomba katika milima ya chini ya Gorkha. Alisimama uani kwa mama yao, Bi Dhanmati, akaeleza mbele ya watu kwamba Tekman aliuza jaketi la kampuni pale Samdo, akanunua gongo la ulezi, akapanda mlima amelewa, akaganda na shati lake. Siku ya tatu ya matanga akaletwa mganga wa kijiji, ambaye kazi yake ni kumwimbia marehemu njia, mto kwa mto na kijiji kwa kijiji, mpaka afike waliko babu zake. Mganga aliimba mpaka kwenye daraja la Jagat, akaweka ngoma chini. Alisema mlevi haelekezwi, atapotea tu. Watu wakala wakaondoka. Tangu siku hiyo Tekman alikuwa amekaa kwenye daraja la Jagat, na nyumbu wa mizigo walipofika hapo walipita kwa kubana upande mmoja ili wasimkanyage.

Kesari alitaka jambo moja tu: Jitbal asimame pale pale uani aseme Tekman hakunywa, ili wimbo umaliziwe. Kazi ya upishi alipewa na Jitbal kwa huruma. Jitbal hakukosa kumkumbusha hilo kila siku, kwa kawaida akiwa na sahani mkononi.

Majaketi yalipokwisha kugawiwa, Bi Lhamu alimwita Kesari nyuma ya nyumba, kwenye lundo la mavi makavu ya yaki, ng’ombe wa manyoya wa huko juu.

“Hapa Samdo gongo nauza mimi peke yangu,” alisema. “Kaka yako hakununua. Na aliposhushwa nilimwosha mimi. Mdomo wake ulinuka supu ya kitunguu saumu, basi.”

“Na jaketi?”

“Mimi namwosha mtu, binti yangu. Jaketi waulize waliokuwa naye.”

Aliyekuwa naye ni Gore. Kesari alimngoja mpaka kambi ya chini ya Larke, akamweka mbele ya karai la viazi, akampa kisu.

“Mlima ulimshika palepale juu, kwenye rundo la mawe,” Gore alisema, akimenya. “Akawa anayumba. Mlima ukikushika, hewa ikikuishia, unayumba hata kama ulichokunywa ni maji. Jitbal akamwambia, wewe rudi Samdo, shuka polepole. Halafu akamwambia avue jaketi.”

“Kwa nini?”

“Majaketi yanarudishwa Bimthang. Tekman alikuwa haendi Bimthang.” Gore aliangusha kiazi ndani ya maji. “Theluji ilikuwa imeanza.”

“Na wewe ukafanya nini?”

“Nikakaza kamba ya mzigo kwenye paji la uso, nikaendelea. Nina wanawake watatu nyumbani, mke, mama na mama mkwe. Hata mmoja hajui kushinda na njaa.”

“Ungemwambia mama yangu.”

“Mama yako angeniajiri?”

Kesari akamnyang’anya kisu. Viazi vilivyobaki alimenya mwenyewe, na maganda yake yalikuwa manene.

Walifika juu ya Larke saa tatu asubuhi. Wageni waliobebewa mizigo walipigana picha kwenye kibao cha mita elfu tano na mia moja na sita. Wapagazi walitegemeza makapu kwenye mikongojo yao, na kila mmoja akaongeza jiwe kwenye rundo, kama afanyavyo kila avukaye. Jitbal alikuwa anafunga kibendera cha dua.

“Kaka Jitbal,” Kesari alisema. “Ukifika nyumbani upite kwa Mama. Umwambie Tekman hakunywa.”

“Dada, kazi nimekupa.”

“Umenipa.”

“Basi mwache marehemu apumzike.”

“Hapumziki. Yuko darajani. Hata wewe umempita Jagat, umemwona.”

Jitbal alikaza fundo la kibendera. “Alikuwa amelewa,” akasema. “Hata mwendo wake.”

Kesari hakuongeza jiwe. Alitoa moja, pale Tekman aliposhikwa na mlima, la kijivu lenye mshipa mweupe, ukubwa wa kiazi, akalitia kwenye begi la Jitbal chini ya soksi. Wapagazi hutiliana mawe mizigoni msimu mzima. Ndio utani mkongwe kuliko wote katika njia ile, na anayeligundua jiwe lake baada ya siku tatu hulazimika kucheka. Begi la mnyapara lilikuwa jepesi, kama kawaida ya mabegi ya wanyapara, na hakuhisi kitu. Alipoanza kushuka, Larke ilishuka naye.

Bimthang majaketi yalirudi guniani. Jikoni, Jitbal alipokaa karibu na moto, maji yalichemka kabla majani ya chai hayajapatikana, na chai ikatoka vuguvugu. Sufuria ya presha ilipiga miluzi ishirini na mitatu, dengu zikabaki kokoto. Gore aliziangalia dengu, akamwangalia Jitbal.

“Kaka, ungekaa kidogo kule kwa yaki, watu tupate kula.”

Jitbal akatoka nje. Dengu zikaiva kwa miluzi mitatu.

Siku iliyofuata waliingia msituni, na iliyofuata tena wakafika Tilje, penye mashamba ya maboga. Wenzake walivua masweta. Jitbal alikuwa na barafu kwenye masharubu, na kila hatua kumi alisimama akahema. Pakiti za biskuti mfukoni mwake zilivimba zikapasuka moja moja. Dharapani walipanda gari, na gari likashindwa kilima cha kwanza. Dereva alifungua boneti, akanusa, akauliza ni nani kati yao ametoka Larke na hajashuka. Wote wakamwonyesha kidole Jitbal.

“Panda juu ya paa, mkubwa,” dereva alisema. “Injini ipate hewa.”

Alisafiri juu ya paa mpaka Besisahar, na theluji ikamwangukia yeye na mabegi.

Daktari wa Besisahar alimbana kidole kwa kifaa chake cha kupimia hewa ya damu. “Sabini na nane,” alisema. “Si mbaya, kwa mtu aliye mita elfu tano na mia moja.” Akaandika dawa: ashuke. Jitbal akamweleza kwamba ameshashuka. Daktari akachukua karatasi ileile akaongeza: zaidi. Wakampeleka kwa shemeji yake Chitwan, tambarare, katikati ya mashamba ya haradali. Haradali yote iliyozunguka chumba chake iliungua kwa baridi, na siku ya nne shemeji akamkatia tiketi ya kurudi.

Singchet walimpokea vizuri. Nyumba yake ilikaa mita elfu tano na mia moja na sita, na nyumba za jirani zikabaki palepale zilipokuwa. Kuku walihamia upande wa pili wa uzio. Mgomba uliopandwa mpakani ulikuwa mweusi nusu, na nusu nyingine ikazaa mkungu. Mpima ardhi wa wilaya alikuja na vyombo vyake, akapima mara mbili, akanywa chai ya vuguvugu, akaandika. Majirani waliuliza kama wanaweza kutundika nyama ukutani kwa Jitbal, isioze. Wakaruhusiwa.

Mwezi wa pili mke wake, Sunmati, alipokuwa anafua soksi, alilikuta jiwe. Jitbal alilitambua. Akamtuma mtu amwite Kesari.

“Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Litoe.”

“Sema kwanza. Si lazima kwa Mama. Sema hapa hapa, Sunmati asikie, atatosha.”

Mtu akikaa mwezi mzima kwenye mwinuko ule hubaki na pumzi ya maneno mawili. “Nilimvua jaketi” ni maneno mawili. Jitbal alifumba macho, akavuta hewa muda mrefu, akachagua.

“Alikuwa amelewa,” akasema.

Kesari akamwambia basi akae salama, akarudi nyumbani kupalilia.

Aliyeharibu mambo ni mama yake. Bi Dhanmati alikuwa na ukungu machoni na moyo usiokuwa na ukungu wowote, na alisikia kwamba nyumbani kwa Jitbal hakuivi kitu. Akaanza kupika kwake wali na dengu, laini kabisa, akafunga chungu kwa nguo, akapanda navyo kila siku saa tisa. Akivuka mlango wa uzio dengu zilikaza tena, na wali ukawa mchele wenye joto. Jitbal alitafuna hivyo hivyo, akashukuru kwa kichwa.

“Mama, unamlisha nani?” Kesari aliuliza.

“Mgonjwa.”

“Ndiye aliyemwita mwanao mlevi.”

“Alikuja na miguu yake kuniambia. Wengine wasingekuja.” Bi Dhanmati alikuwa anapepeta mchele. “Wewe hasira zako zitakuotesha pembe. Kesho nisaidie kubeba chungu, mgongo unaniuma.”

Kesari alibeba chungu. Walipofika mlangoni, Sunmati alichukua jaketi lililotundikwa msumarini nyuma ya mlango, akamvika Bi Dhanmati, kwa sababu ndani kulikuwa na baridi ya Larke. Alimvika kila siku, na kila siku Bi Dhanmati alilirudisha msumarini kabla ya kutoka. Lilikuwa jaketi la manyoya ya bata. Kwenye kola iliandikwa kumi na nne. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kiraka cha uzi wa kijani, uzi ambao Kesari aliufumua kwenye pindo la sketi ya mama yake, siku Tekman aliporuhusiwa kuja nalo nyumbani kati ya safari mbili, lishonwe kiwiko alichokiunguza kwa jiko.

Kesari aliweka chungu chini.

“Mama. Hilo jaketi.”

“Lina joto sana.”

“Ni la Tekman. Shika kiwiko. Hicho ni kiraka changu.”

Bi Dhanmati alikipapasa kiraka kwa kidole gumba, mshono kwa mshono, kama mtu anayehesabu shanga gizani. Sunmati alikwenda kuangalia nyama ukutani. Jitbal, kitandani, alijivutia blanketi mpaka kwenye masharubu.

“Ni mshono wako,” Bi Dhanmati akasema mwishowe. “Unavuta sana uzi.”

“Hakuliuza, Mama. Alivuliwa.”

Bi Dhanmati alikipapasa kiraka tena kwa muda wa kuchemka maji, ambao humo ndani si mrefu. Kisha akageuka upande wa kitanda.

“Kwa hiyo wewe ulilikomboa, mwanangu,” alisema. “Alivyoliuza yule mjinga, wewe ukapita kwa wauza gongo ukalikomboa. Na hukuniambia, usije ukaniaibisha.”

Jitbal hakuwa na pumzi ya kujibu. Lakini kuitikia kwa kichwa hakuhitaji pumzi. Akaitikia, mara moja.

“Umeona?” Bi Dhanmati alimwambia bintiye. Akavua jaketi, akalilainisha mabega, akalitundika msumarini, akatoka juani.

Vuli ilipofika Kesari alikwenda tena na sufuria zake. Jagat, kaka yake alikuwa bado amekaa darajani, na nyumbu walikuwa wamezoea kabisa kumpisha. Kesari alimwekea kiazi cha kuchemsha magotini, akaendelea na safari. Samdo, asubuhi baada ya uji, majaketi yaligawiwa mbele ya mlango wa Bi Lhamu. Mnyapara mpya alikuwa Gore. Alipanda juu ya jiwe, akasafisha koo.

“Kumi na mbili.”

“Hapa.”

“Kumi na tatu.”

“Hili zipu yake imekufa, Kaka.”

“Vumilia. Kumi na tano.”

“Na kumi na nne?” Kesari akauliza.

Gore alitazama ndani ya gunia, ingawa lilikuwa tupu.

“Hilo lilinywewa,” akasema.

Wapagazi wakacheka. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, juu ya Larke, wageni walipigana picha kwenye kibao na kila mtu akaongeza jiwe kwenye rundo. Kesari alitoa mawili. La kwanza, kubwa kama kichwa cha mbuzi, alilifunga kwenye nguo, alitie kapuni mwake, alipeleke Singchet, kwa Jitbal. La pili lilikuwa dogo, la kutosha kwa kuanzia. Akafungua begi la Gore, akasogeza soksi.