Hedifoni ya Fundi Jenereta

Fundi jenereta alichagua hedifoni kwa umakini ambao hakuwahi kuuonyesha alipochagua mke. Mke alimpata kwenye harusi ya watu, kati ya soda na hotuba, mambo yakaisha. Hedifoni ilimlia Jumamosi kadhaa. Alizivaa zote dukani, akainama na kutikisa kichwa aone kama zinateleza, akauliza kama waya unaingia kwenye pedi ya gemu, akahakikisha sponji haziibani miwani yake. Maiki aliipuliza mpaka muuzaji akaifuta kwa shati.

"Nyumbani kuna nani mwingine anayeongea?" muuzaji aliuliza.

"Hakuna," alisema fundi. "Niko na mke wangu tu."

Muuzaji akabonyeza mahali kwenye ile aliyoichagua. Akaeleza kwamba tangu hapo maiki itamtambua yeye peke yake, na sauti nyingine yoyote ya mle ndani itahesabiwa kelele, iondolewe. Akijuta, kuna kitufe kidogo nyuma, akishikilie mpaka taa izime. Kidole kiwe chake mwenyewe, cha mwingine hakikubaliki. Kila kitu kitarudi kama kilivyotoka kiwandani, ila mipangilio yake yote itapotea.

Fundi hakuwa kiziwi, msije mkamsingizia. Kazini alikuwa na sikio la kuogopwa. Angesimama nje ya geti akakwambia jenereta ya nyuma ya jengo ina beringi inayolalamika, na kweli ungeikuta inalalamika.

Jioni hiyo aliivaa, akaingia mchezoni na wenzake wawili wa kikosi, Kreni na Nesi, watu wa miji mingine waliojulikana kwa kazi zao na ambao hakuwahi kuwatia machoni. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alisimama nyuma ya kochi akamuuliza kama atakula. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Kelele ikiondolewa haina budi kwenda mahali, na hiyo ilikwenda kwa Kreni na Nesi.

"Shemeji anauliza utakula sasa au baadaye," alisema Kreni.

"Mwambie baadaye."

Asubuhi sauti haikurudi. Daktari alimmulika mwalimu kooni akamwambia koo ni zima kabisa, sauti anaitoa vizuri, shida ni inakokwenda. Akamwandikia dawa ya kusukutua, maana mgonjwa haendi mikono mitupu. Shuleni mwalimu alifundisha kwa kupiga makofi na kuonyesha vidole. Watoto walimtazama kwa heshima na hawakujifunza kitu. Mwalimu mkuu akasema hali ikiendelea hivi atapelekwa stoo, kwenye chaki.

"Shemeji anakuomba ushikilie kile kitufe," alisema Nesi. "Anasema watoto wale ndio kazi yake, na bila sauti hana darasa."

Fundi alishusha pumzi. Alikuwa amepanga milio vizuri hata buti za adui alizisikia nyuma ya ukuta. Kuharibu mipangilio katikati ya ligi si mchezo.

"Mwambie avumilie, ligi iishe. Mvumilivu hula mbivu."

"Amesikia. Anasema hizo mbivu mbona unakula peke yako."

Hata hivyo mwalimu aliendelea kusimama nyuma ya kochi, kwa kuwa mtu hata akikasirika hapendi kuona mumewe anapigwa risasi. "Ngazini!" alisema, na Kreni akampasha fundi habari, na adui wa ngazini akaanguka. Walishinda mfululizo. Fundi aliisifu sana maiki.

Siku aliyopelekwa stoo, mwalimu alikuja na begi mkononi akaongea kwa kirefu. Kreni na Nesi walisikiliza mpaka mwisho, wakauawa wakiwa wamesimama.

"Mmelala?" fundi aliuliza. "Amesema nini?"

"Anakwenda kwa dada yake," Kreni alisema. "Mengine yanauma, kaka. Ivue hiyo, umgeukie."

"Baada ya mechi hii."

Mwalimu alivuta mlango taratibu. Sauti haikumfuata. Ilikuwa imeshazoea njia yake.

Ligi ilipoisha na kombe kupatikana, fundi aliivua hedifoni na kugeuka amwambie mkewe kwamba sasa yuko tayari. Nyuma ya kochi hapakuwa na mtu. Jikoni kimya, chumbani kimya, nguo za upande mmoja wa kabati hazipo. Alisikiliza kwa lile sikio lake la kazini na hakupata hata mlio. Akarudi kukaa, akaingia kwenye ukurasa wa duka akatoa nyota tano: bidhaa bora sana, hata ukiivua nyumba inabaki imetulia.

Alipoivaa tena, mwanamke fulani alikuwa akisomesha irabu mbali kidogo, masikioni mwa wenzake. Kreni na Nesi, watu wazima na kazi zao, walikuwa wakimwitikia pamoja: a, e, i, o, u.

Fundi akawaomba wapunguze kelele, mechi inaanza.