Saa Sita Nyuma

Niliongoza masijala ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote sikuchelewa kazini hata siku moja. Silitaji jambo hili kwa kujisifu. Kosa ninaloliungama hapa lilizaliwa na msimamo huohuo ambao watu walikuwa wakinisifia.

Mwaka ule tuliletewa programu ya kutoa vikaratasi vya miadi. Ilichapa saa kwa hesabu ya mashine, hivi kwamba saa mbili asubuhi iliandikwa 08:00. Wagonjwa walisoma nane, wakaja saa nane mchana, nao madaktari wamekwisha kuondoka. Siku moja mzee mwenye mkongojo alikiinua kikaratasi chake dirishani kwangu.

“Hii ni nane au si nane?”

“Ni nane, mzee mwenzangu, lakini maana yake ni saa mbili.”

“Kumbe hospitali hii ina jua lake.”

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwita fundi wa mitambo, binti mtulivu aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja, nikamwamuru aifanye programu ihesabu saa kama tunavyohesabu sisi.

“Saa ya mashine yenyewe haiguswi, mzee,” alisema. “Ndani yake inahesabu sekunde tu, za dunia nzima. Kila programu ina mpangilio wake, unaitwa TZ, ndio unaiambia ituonyeshe saa za wapi. Ni kama miwani. Naweza kuivisha hii peke yake miwani ya saa sita nyuma.”

“Ivishe.”

“Lakini na tarehe itarudi nyuma. Mtu akiandikishwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, itamhesabu wa jana. Nipe siku tatu nibadilishe maandishi ya kikaratasi tu, saa tuiache ilivyo.”

“Masijala inafunguliwa saa moja. Ni nani atakayeandikishwa kabla ya hapo? Majini?”

“Sijui, mzee. Ndiyo maana naogopa.”

“Binti, nilikuwa nikiandikisha wagonjwa hapa kabla hujaota meno.”

Akalifungua faili linaloiamsha programu, akaongeza mstari mmoja. Alinieleza kwamba katika maandishi yale alama ya kujumlisha huirudisha saa nyuma na alama ya kutoa huipeleka mbele, na kwamba wengi hukosea hapo. Yeye hakukosea. Kikaratasi kilichofuata kilichapwa 02:00, na kwa majuma saba hakuna mgonjwa aliyepotea.

Ndipo ikafika siku ya daktari wa macho, ambaye hutujia mara moja kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo masijala hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya wanaotoka mbali. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe kwa saini yangu, na nilipokuwa nikifanya mzaha wa majini haukunijia akilini hata kidogo.

Dada yangu alikuwa wa tatu kuandikishwa. Yeye ndiye mkubwa wangu. Mama alipofariki, ndiye aliyenilea na kunipeleka shule. Presha ya macho ilikwisha kulizima jicho lake la kulia, na lililosalia lilimhitaji daktari yule siku ileile.

Saa nne mfanyakazi wa usafi aligonga mlango wangu.

“Mzee, dada yako anauliza mbona waliokuja nyuma yake wameshaitwa.”

“Mwambie hapa kazini hakuna undugu. Asubiri zamu yake.”

Ujumbe ulifika kama nilivyousema. Ilipofika saa sita, wengine walioandikishwa alfajiri waliuzingira mlango wa daktari, na muuguzi akawaonyesha kwamba majina yao yamo katika orodha ya siku iliyopita.

“Mimi ni wa jana?” aliuliza mama mmoja. “Basi chai niliyokunywa leo kainywa nani?”

Muuguzi aliwaandika kwa mkono wote waliolalamika, nao wakatibiwa. Dada yangu hakulalamika. Alikuwa ameambiwa asubiri. Daktari aliondoka saa tisa, nami nikamkuta dada saa kumi, peke yake kwenye benchi, mkoba mapajani.

“Mdogo wangu,” alisema aliposikia viatu vyangu, “hawajaniita bado.”

Daktari aliporudi baada ya miezi mitatu, hapakuwa tena na jicho la kuokoa.

Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeuweka mpangilio ule. Nilijibu, “Fundi.” Neno hilo halikuwa uongo, na kwa sababu hiyo nililitamka bila kutetemeka. Mkataba wa yule binti ulikatishwa wiki hiyohiyo. Hakuna aliyejua mstari wenyewe uko wapi. Tukaamua tu kutomwandikisha mtu kabla ya saa kumi na mbili.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha nilipomwandikia mkurugenzi barua na kueleza amri ilikuwa ya nani. Kisha nikampigia simu yule binti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

“Ule mstari bado upo?” aliuliza.

“Upo.”

“Kaa kwenye mashine, mzee. Nitakutajia, wewe andika.”

Nikaandika kwa vidole viwili, naye akinisubiri kila herufi. Tulipomaliza nikaanza kumwomba radhi.

“Barua umeipeleka?”

“Nimeipeleka.”

“Haya. Niko kazini, mzee.” Simu ikakatika.

Sasa nimestaafu, na kila Jumapili huenda kumsomea dada yangu. Mara nyingi nimeingia na maneno ya kuungama yakiwa tayari kinywani. Ananipapasa uso, ananiuliza mbona nimekonda, nami nakifungua kitabu. Juzi alimsimulia jirani jinsi alivyopofuka, nami nikiwa nimeketi palepale.

“Kosa ni langu,” alimwambia. “Nilichelewa kufika.”