Zamu ya Daktari wa Meno

Walimwita Taratibu, na halikuwa tusi. Katika mbio za kutwa nzima, ambapo gari moja huendeshwa kwa zamu, mwenye pupa hurudi na mlango mkononi. Yeye alirudi na gari. Miaka ishirini na ushee alikuwa amelala katika hoteli zinazofanana kama mayai, leo timu hii, kesho ile, na karibu kila mara ndiye aliyepewa usukani katikati ya mbio ili wenye majina wapumzike. Mkewe alizoea kusema, "Mume wangu ni chumvi. Hakuna anayemsifu, ila akikosekana wote wanauliza."

Mwaka huo gari lilikuwa mali ya daktari wa meno, mtu mzima mwenye kitambi cha wastani na mapenzi ya kweli na mbio. Alimwajiri Taratibu awe mwenzake na mwalimu wake. Sheria ilikuwa moja isiyo na mjadala: mwenye gari asipoendesha theluthi ya muda wote, timu inafutwa.

Taratibu alianza, akamkabidhi daktari gari likiwa la pili. Akavua helmeti, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya banda la timu, akamenya ndizi. Miguu ilikuwa ikimtetemeka, jambo ambalo mwaka uliopita halikuwepo. Hakumwambia mtu.

Gari lililokuwa likiongoza likafa injini, na daktari akajikuta wa kwanza. Hata hakufaidi, mvua ikashuka.

Aliyesimamia redio alikuwa fundi mkuu wa timu, mjane wa kaka yake Taratibu, kaka aliyechukuliwa na maradhi. "Shemeji," aliita, "njoo umsikie mtu wako."

"Natoka!" daktari alikuwa akipiga kelele. "Sioni kitu! Mpeni Taratibu gari!"

"Muda wako haujatimia," shemeji alimjibu. "Ukishuka sasa tumefutwa. Ingia tukuwekee matairi ya mvua, kisha urudi."

Matairi yakabadilishwa, daktari akarudi barabarani, lakini sauti yake ilizidi kupanda. Taratibu akanyoosha mkono. Shemeji akampa redio.

"Daktari, ni mimi. Ukitaka kumng'oa mtu jino, unamwambiaje?"

"Namwambia apumue kwa pua."

"Haya. Pumua kwa pua."

Mafundi wakacheka chini chini. Taratibu hakucheka. Alikuwa amefumba macho.

"Kona inayokuja, shika breki mapema kuliko unavyotaka. Achia. Usikanyage mafuta bado. Bado. Sasa, kama unakanyaga yai."

"Kuna mtu nyuma, taa zake zimejaa kiooni."

"Huyo macho anayo na breki anazo. Mpe njia, usimpe roho."

Wakampita wanne. Mara moja aliteleza, na kwenye redio ikasikika changarawe ikigonga chini ya gari, halafu mtu akihema, halafu injini ikivuta tena.

"Nimeteleza," daktari alisema.

"Nimesikia. Endelea."

Muda ulipotimia, daktari alishuka, mafundi wawili wakimshika makwapani. Taratibu alikuwa ameshavaa helmeti. Alipokuwa akifunga mikanda aligundua ana furaha, na kwamba furaha hiyo ilimjia pale kwenye redio, si hapa kwenye usukani. Ikamkera.

Gari lilikuwa likivuta kulia tangu lilipoingia kwenye changarawe. Alilibembeleza, akapita mmoja, kisha wa pili mvua ilipopungua. Mizunguko ya mwisho shemeji akamwambia, "Wa pili yuko mbele yako, matairi yake yamekwisha. Ukitaka, unampata."

Akampata. Kwenye kona ndefu nafasi ilifunguka upande wa ndani, ya upana wa gari moja. Zamani angeingia na kujiuliza baadaye. Mguu ukanyanyuka wenyewe kutoka kwenye mafuta. Hakuogopa, ulinyanyuka tu. Akamaliza wa tatu.

Daktari alilibeba kombe la mshindi wa tatu kama mtoto mchanga, akipiga picha na kila aliyepita. Shemeji alikuwa akikunja nyaya. Hakuuliza kuhusu ile kona. Alikuwa amesikia injini ikilegea, na hiyo ilimtosha.

"Mwakani mtafutieni daktari dereva mwingine," Taratibu alisema.

"Na wewe?"

"Nitakaa hapo na redio."

"Kwenye kiti changu?"

"Cha pembeni yake, shemeji. Sijakosa adabu."

"Ujue huku hakuna anayepigiwa makofi."

"Kwani kule nilikuwa napigiwa?"

Shemeji akacheka mpaka akaachia waya. Taratibu akauokota, akaanza kuukunja, vibaya, na shemeji akamnyang'anya akamwonyesha unavyokunjwa.