Mésange chini ya Bendera Yetu

Tangi Kerleau aliitambua Mésange kabla mlinzi wa juu ya mlingoti hajamaliza kuita. Meli uliyoishi ndani yake miaka huwezi kuisahau. Aliijua kwa milingoti yake iliyolalia nyuma kidogo, kwa omo lake jembamba la mbele, na kwa jinsi ilivyokata mawimbi bila kuinamisha kichwa. Ndani ya manowari hiyo ndimo alimotekwa na Waingereza, na meli yenyewe wakaichukua. Sasa ilikuwa inawajia kutoka bahari kuu, matanga yote yamejaa upepo, na bendera ya Ufaransa ikipepea nyuma, tezini.

"Ni yetu," alisema Nahodha Roustan, akishusha darubini. "Ishara ya siri ya leo wameitoa sawasawa. Naona wameikomboa. Mbona hufurahi, Raia Luteni?"

"Waingereza hawaachi meli kama ile kirahisi, Raia Nahodha," Tangi alijibu; tangu Mapinduzi kila mtu aliitwa Raia.

"Wewe walikuachia."

Mabaharia waliokuwa karibu wakajifanya wanashughulika na kamba zao.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Tangi tangu apande Fauvette, manowari ndogo iliyosindikiza meli za ngano kutoka Saint-Malo hadi Brest. Alikuwa amefungwa Plymouth, Uingereza, ndani ya meli kuukuu iliyong'olewa milingoti ikageuzwa gereza, mpaka alipobadilishwa na ofisa wa Kiingereza. Tangu arudi, watu walikula naye, walicheka naye, lakini akitokea ghafla mazungumzo yalikatika. Roustan, mtu wa Toulon asiyejua neno la Kibretoni, lugha ya nyumbani kwa Tangi, hata kuficha hakuficha.

"Tuingie mkondo wa ndani," Tangi alisema. "Kati ya miamba na nchi kavu. Meli kubwa haiwezi kutufuata."

"Mkondo huo anaujua nani hapa?"

"Mimi. Nimezaliwa pale."

"Basi nikuachie usukani, uzipandishe meli zote za ngano juu ya miamba, halafu wenzako waje kuokota."

"Wenzangu akina nani?"

"Ndilo ninalojiuliza kila siku."

Roustan aliitazama tena ile meli, akamtazama Tangi, na uso wake ukaonyesha kwamba amepata wazo linalompendeza. "Chukua mashua uende. Hakuna anayeijua kuliko wewe. Kama ni wetu, panda, unipungie kofia. Kama si wetu, geuza. Na ukipanda usinipungie, nitakuwa nimepata jibu langu."

Tangi alishuka na wapiga makasia wanne. Njiani alizidi kuikagua. Ubavu ulikuwa na mstari uleule wa manjano, na jina lake lilikuwa palepale tezini. Wanaume walioegemea ukingo walivaa kofia nyekundu na suruali za mistari, kama mabaharia wa Brest kabisa. Lakini walikuwa kimya. Meli ya Kifaransa aliyoizoea Tangi haikujua kunyamaza. Ikikutana na wenzake, lazima mmoja angepiga kelele kuomba tumbaku, na mwingine angeuliza kama mke wake bado anamsubiri. Hawa walisimama kama watu waliokatazwa kufungua mdomo. Akajiambia huenda wamepata nahodha mkali. Lakini hakuridhika na jibu hilo.

Ndipo sauti ikamwita kwa Kibretoni.

"Tangi, ndugu yangu! Kumbe hujazama bado?"

Aliinua macho. Alikuwa Goulven Abgrall, aliyekuwa serahangi wa Mésange, msimamizi wa mabaharia, na jirani yake wa kijijini. Walitekwa pamoja na kufungwa pamoja. Asubuhi moja Goulven alitolewa, na walinzi wakasema amekufa kwa homa. Tangi alikuwa amemlilia.

"Walituambia umekufa," alisema.

"Nife mimi? Nani angemlisha Katell wangu?" Goulven alicheka. "Tumeichukua tena meli yetu, karibu na kisiwa cha Jersey. Panda, nahodha wetu ana mvinyo."

Tangi alikwishashika ngazi ya kamba. Wasiwasi wote ulikuwa unayeyuka. Alitamani kuamini kama mtu mwenye njaa anavyotamani mkate.

"Na mama yako?" Goulven aliuliza. "Soaz hajambo? Bado anapika zile chapati za ngano nyeusi?"

Soaz alikuwa amefariki kabla hawajatekwa. Goulven alilibeba jeneza lake begani, upande wa mbele, mvua ikinyesha njia nzima hadi kanisani.

Tangi alimtazama usoni. Uso ule ulikuwa unatabasamu na haukuonyesha chochote. Nyuma yake alisimama mtu ambaye mkono wake mmoja haukuonekana.

"Mama hajambo," Tangi alijibu. "Anakusalimu sana." Kisha akawaambia wapiga makasia kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu anayetoa amri ya kawaida, "Turudi nyuma polepole hadi tezini, kule ngazi ni nzuri zaidi."

Walipofika tezini, mahali ambapo mizinga ya ubavuni haiwezi kumlenga mtu, aliwaambia, "Sasa vuteni. Vuteni kwa nguvu zenu zote, na mtu asitazame nyuma."

Bendera ya Ufaransa ikashuka, ya Kiingereza ikapanda, na bunduki zikaanza. Mpiga makasia wa mbele, Mazé, alianguka juu ya kasia lake. Tangi alimsogeza akakaa mahali pake, akavuta huku damu ya mwenzake ikilowesha viatu vyake. Kule mbele Roustan alikuwa ameona bendera, na Fauvette ilikuwa inageuka. Tangi alipopanda, nahodha alimwonyesha usukani kwa kidole tu. Akaziongoza meli za ngano kati ya miamba, moja nyuma ya nyingine. Ya mwisho ilichelewa, ikatekwa. Zilizobaki zilifika Brest.

Ungedhani wangemshukuru. Siku ya mahojiano, Roustan alisimama mbele ya maofisa watatu na kusema alichokiona na alichoambiwa na wapiga makasia, na hakuongeza uongo hata kidogo.

"Aliongea kwa kirefu na mtu wa meli ile, kwa lugha ambayo mimi siijui. Yule mtu akacheka. Na hawakufyatua bunduki mpaka mashua ilipokwisha kuondoka."

"Mliongea nini?" ofisa mmoja alimuuliza Tangi.

"Aliniuliza habari za mama yangu."

"Adui anakuuliza habari za mama yako?"

"Ndiyo. Na mama yangu amekufa."

Maofisa wakatazamana. Hawakumfunga, kwa sababu ngano ilikuwa imefika na mji ulikuwa unaila. Lakini hawakumpa tena kazi melini. Wakamweka kwenye ghala la kamba, na huko akakaa hadi amani ilipotangazwa na wafungwa wakarudishwa makwao.

Goulven naye alirudi. Kijiji kilishasikia kwamba aliwatumikia Waingereza. Wavuvi hawakumchukua kwenye mashua zao, na Katell, mkewe, akifika kisimani wanawake waliondoka na ndoo zilizojaa nusu. Meya alimwita Tangi mbele ya watu, baada ya ibada, akamuuliza waziwazi kama mtu huyu aliwasaliti au aliwaonya.

Tangi hakujua. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiligeuzageuza swali lile la mama, na kila usiku lilimpa jibu jingine. Alimwona Katell pembeni, ameshika shali yake kwa mikono miwili.

"Alinionya," alisema. "Bila yeye nisingekuwa hapa."

Kesho yake mchana alikwenda nyumbani kwa Goulven. Mezani palikuwa na chapati na siagi ya chumvi. Goulven alimngoja Katell atoke nje.

"Ahsante kwa uongo wako wa jana."

"Kwani ni uongo?"

"Walinipa kuchagua: kuoza mle gerezani au kufanya kazi kwao. Nikachagua. Siku ile nilikuwa nimewekewa bastola mgongoni, nikasema lolote lililonijia mdomoni, ili upande. Mama yako nilimsahau, Tangi. Homa ilinila kichwa. Nilimkumbuka wiki moja baadaye, nikiwa nafua shati."

Huenda ndio ukweli. Huenda pia huyu mtu hataki kushukuriwa kwa jambo lililomuua Mazé. Alimtazama kama alivyomtazama siku ile, na uso haukumpa kitu.

"Na meli?" aliuliza mwishowe.

"Wanaipenda kama binti yao. Waliiweka kwenye gudi la kutengenezea meli pale Plymouth, mafundi wakaipima ubavu kwa ubavu, wakaunda nyingine mbili mfano wake." Goulven alimsogezea sahani. "Vita vikianza tena, ukiiona inakuja, hutajua ni ipi."

"Nitazikimbia zote tatu."

"Hata ikiwa mimi ndiye ninayekuita?"

"Wewe hasa," Tangi alisema, akachukua chapati.